Re: Kiziba cha muda kimedondoka, jino haliumi, nisubiri?

Pole ndugu. Miezi miwili jino lililozibwa mzizi likiwa wazi ni mingi. Kutouma kusikupe moyo, mshipa wa fahamu ulishatolewa. Ile gutapecha, yaani utomvu mgumu wa rangi ya waridi uliojazwa ndani ya mzizi, haigandi kwenye jino. Kinachoziba mwanya ni saruji nyembamba pembeni yake, na mate huila taratibu. Mwaka 1990 mtafiti wa meno Torabinejad na wenzake walijaribu maabara: mizizi iliyozibwa ikaachwa wazi juu, na nusu au zaidi ikapenywa na bakteria hadi chini, kwa siku 19 au 42 kulingana na aina ya bakteria. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, upigwe picha. Kabla hajakuwekea kofia ya kufunika jino, muulize kama mzizi unahitaji kusafishwa na kuzibwa upya.