Uzito wa kuzaliwa au ugumu wa maisha: presha inatoka wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 36. Nilizaliwa na kilo 1.9 ingawa miezi ilitimia, na nimekulia kwenye umaskini. Sasa presha inapanda. Dada yangu anasema ni ule uzito wa kuzaliwa. Mimi naona ni shida za maisha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Nyote wawili, na mambo hayo mawili huchocheana.

Tuanze na figo. Vichujio vyake vyote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa. Ukishatimiza miezi tumboni haviongezeki tena. Mtoto aliyekosa lishe ya kutosha tumboni, akazaliwa chini ya kilo 2.5, huelekea kuwa na vichujio vichache. Hivyo vichache hubeba kazi ya vyote, vikachoka mapema, na presha ikapanda.

Mwaka 1989 David Barker, daktari mtafiti wa Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliozaliwa Hertfordshire, Uingereza, kati ya 1911 na 1930 wakiwa na uzito mdogo, hasa waliobaki wepesi hadi kutimiza mwaka, walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Wengi wakapinga, na hoja yao ilikuwa nzito: mama maskini huzaa mtoto mdogo, na mtoto huyo hukua maskini, utajuaje kilichomuua si umaskini wenyewe?

Jibu ninaloliamini lilitoka Helsinki, Finland, kwa wanaume waliozaliwa 1934 hadi 1944. Kipato kidogo ukubwani kiliongeza hatari ya moyo hasa kwa wale waliozaliwa wembamba. Waliozaliwa na mwili uliojaa walihimili dhiki hiyohiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo shida zako ni za kweli, na mwili wako una akiba ndogo ya kuzihimili.

Lakini hukuandikiwa ugonjwa. Wengi waliozaliwa wadogo hawaugui moyo. Presha ipimwe siku tofauti, maana kipimo kimoja hakitoshi. Omba pia kipimo cha protini kwenye mkojo, kreatinini ya damu (huonyesha figo zinavyofanya kazi), na sukari kabla ya kula, kwa kuwa kisukari nacho huwapata zaidi waliozaliwa wadogo. Punguza chumvi, na usiruhusu kitambi.

Kama unapanga kubeba mimba, sema kabla hujaanza dawa: baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni.