Ukitafuta habari za mapigano ya meli Sudi, 1916

Uliza habari za vita vya baharini vya Mjerumani na Mwingereza huku kwetu kusini, jibu litakuwa Königsberg na Rufiji. Manowari ile ya Kijerumani ilikomea kwenye delta Julai 1915 na imeandikwa sana. Lakini Machi 1916, hapa Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, iliingia meli ya shehena ya Kijerumani iitwayo Marie, imewapenya Waingereza waliokuwa wakilinda pwani, imebeba mizinga, risasi na dawa za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Aprili manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaikuta ghubani na kuipiga. Marie ikachomoka, na Mei ikafika Batavia, Jakarta ya leo. Mimi ni mtu wa Lindi, na inaniuma kuona kisa kama hiki kinapewa aya moja tu. Vijana wananiuliza waanzie wapi, nami nawajibu hapa.

Anza kwa kutenganisha visa vya meli tatu za Kijerumani. Präsident ilikuwa mto Lukuledi, hapo Lindi, na Waingereza waliiharibu mitambo Oktoba 1914. Rubens ilipigwa Manza, upande wa Tanga, Aprili 1915. Marie ni Sudi, 1916. Mwandishi akizichanganya hizo tatu, mengine yake yapokee kwa tahadhari.

Halafu usihesabu makala, hesabu mashahidi. Makala kumi zenye sentensi zilezile ni shahidi mmoja aliyenakiliwa. Kwa kila shahidi uliza: alikuwa wapi siku hiyo, na aliandika lini? Lettow-Vorbeck alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, na watu humnukuu kana kwamba alikuwa amesimama ufukweni Sudi. Hakuwepo. Miezi ile alikuwa kaskazini, akirudi nyuma kutoka Kilimanjaro kuelekea Kondoa. Kuhusu shehena iliyomfikia, msikilize sana. Kuhusu Marie ilivyopigwa Aprili, naye alisimuliwa.

Aliyekuwepo ni afisa wa zamu melini. Madaftari ya safari ya manowari za Kiingereza yamo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, fungu la ADM 53. Mle utakuta saa, mahali meli ilipokuwa, hali ya hewa. Habari kavu, na ndiyo sababu nazipenda, kwa kuwa ziliandikwa papo hapo, kabla ya mtu kuanza kutafuta sifa. Upande wa Kijerumani ni Freiburg, kwenye nyaraka za kijeshi. Ukitafuta huko andika pia Ssudi, kwa S mbili, maana ndivyo Wajerumani walivyozoea kuandika.

Adui wawili wakipingana kuhusu uharibifu, tafuta wa tatu asiye na ugomvi. Batavia ilikuwa chini ya Waholanzi, nao hawakuwa vitani. Magazeti yao mengi ya enzi hizo yanasomeka bure mtandaoni, kwenye hazina ya Delpher. Tafuta Mei 1916.

Kisha nenda Sudi kwenyewe. Nenda maji yakiwa yamekupwa, usimame uone mkondo ulivyo mwembamba na mikoko ilivyosonga, urudi tena yakijaa. Hapo utajua mtu wa baharini angeweza kuona nini na nini kingemfichika. Mvuvi wa pale atakueleza bamvua vizuri kuliko ramani.

Wazee nao wana namna ya kuulizwa. Piga shikamoo, kaa, zungumza mengine kwanza. Usiulize, "Eti babu, Waingereza walipiga meli hapa?" Atakuitikia kwa heshima tu, na utaondoka na maneno yako mwenyewe. Uliza alisimuliwa nini kuhusu mizigo ya Mjerumani. Shehena ya Marie ilitoka Sudi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na mzee mmoja aliponijibu hakugusa meli kabisa: alianza na njia, wapi walilala, nani hakurudi. Hayo hayamo Kew wala Freiburg. Andika alisimuliwa na nani, na huyo naye alisikia kwa nani, kabla hujanyanyuka mkekani.

Kama babu wa baba yako alibeba mizigo ile, simu unayo mkononi. Mrekodi baba wiki hii.