Baba mdogo, kura yangu ya Machi haikufika Novemba

Baba mdogo, shikamoo. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku Marekani kura za maoni za vyama, za kumpata mgombea urais, wanapiga wananchi wenyewe, na kama hazichakachuliwi. Nilikuwa kazini, nikakujibu juu juu. Leo nina nafasi.

Ni kweli. Unakumbuka 2015 tulivyosubiri habari za Dodoma, majina yakikatwa hadi matano, kisha matatu, mpaka Mkutano Mkuu wa CCM ukatoa moja? Huku Minnesota, tarehe 5 Machi 2024, mimi mtunza wazee nilitoka zamu ya usiku, vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi nami nipo mlangoni na viatu vya kazi.

Mezani nilishtuka. Lazima useme unataka karatasi ya chama gani, na chaguo hilo linapelekwa kwa viongozi wa vyama. Ndani ya karatasi umemchagua nani, hiyo ni siri yako. Hata hivyo nilisita, unajua tulikotoka chama cha mtu kinavyoweza kumponza.

Nilichukua ya chama cha Democrat, nikampa Biden, aliyekuwa rais. Alipata kama asilimia 70. Lakini watu zaidi ya 45,000, karibu asilimia 19, waliweka alama pale pa kutomchagua mgombea yeyote, wengi kwa uchungu wa vita vya Gaza. Dada mmoja Msomali ninayepokezana naye zamu alikuwa mmojawapo. Kura zile hazikuitwa zimeharibika, baba. Zilihesabiwa, zikapata wajumbe 11 kati ya 75 wa jimbo waliogawanywa kwa kura hizo, wale wanaokwenda kumpitisha mgombea wa chama. Mimi sikupiga hivyo, lakini niliposikia nilifurahi kama ni yangu.

Sasa ubaya wake. Tarehe 21 Julai Biden akajitoa, wajumbe wakampitisha makamu wake, Kamala Harris, sisi hatukuitwa tena vituoni. Hakuna aliyechakachua, kanuni za chama zinaruhusu. Lakini niliumia, maana asubuhi ile sikulala kwa ajili ya jina ambalo kwenye uchaguzi wa Novemba halikuwepo.

Kinachoniuma zaidi ni uvivu. Jimbo lina watu zaidi ya milioni 5, na kura zote za Democrat siku ile hazikufika 250,000. Wengi wao wamezaliwa nayo haki hiyo ya kupiga kura. Mimi niliipata kwa kuacha uraia wangu, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha. Mama alipofariki niliomba viza nije kumzika. Hilo sijawahi kukwambia.

Kwa hiyo mdogo wangu akishapata ukaazi na kufika huku, mwambie mapema: asiguse karatasi ya kura mpaka awe raia, hata rafiki akimwambia ni kura ya chama tu. Asiye raia akipiga anaweza kurudishwa nyumbani. Akiletewa fomu yoyote asiyoielewa, asisaini, anipigie kwanza, hata kama ni usiku wa manane.