Maswali ya Gemu: Afungiwe, au Mumzoee?

SWALI: Assalaam alaykum. Kibandani kwetu tunacheza gemu ya kupigana Tekken 7 na tunaandaa ligi ya watu 16. Nusu yao wanataka karakta Leroy Smith afungiwe, yaani asiruhusiwe kuchaguliwa, eti hata asiyejua kucheza akimshika anashinda. Tutajuaje kama ni kweli au ni kilio cha walioshindwa?
Mwenye kibanda, Majengo

JIBU: Wa alaykum salaam. Kabla ya kumhukumu Leroy, hukumu mashine. Leroy aliingia Tekken 7 Desemba 2019. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya EVO Japan, sita kati ya wachezaji wanane wa mwisho walikuwa naye, bingwa akiwemo. Baadaye Bandai Namco, wenye gemu yao, wakampunguza makali kwa masasisho. Basi angalia namba ya toleo la gemu yenu. Ikiwa pleisteshen haijaonja intaneti tangu siku zile, mnapambana na Leroy wa zamani na kilio chenu kina haki. Nunua bando, sasisha, mcheze wiki mbili, ndipo mrudi kwenye kikao.

Runinga nayo ni mshukiwa. Tekken huenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Runinga inayochelewesha picha milisekunde 50 inakumeza fremu tatu. Pigo la chini linalochukua fremu 25 kufika, ambalo jicho zuri hulidaka, linakufikia kama la fremu 22, na ghafla kila mwenye mateke ya chini anaonekana hakingiki. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa hali ya gemu, uzime vikorombwezo vyote vya kulainisha picha. Vibanda vingi havijawahi kufanya hivi, na lawama zote anabeba karakta.

Sasa shtaka lenyewe. “Leroy mbaya” si shtaka. Mlalamikaji ataje pigo: lipi hasa linalomuua? Likishatajwa, nendeni sehemu ya mazoezi mkiwa wawili. Mwenye Leroy apige pigo hilo, kisha papo hapo ashike nyuma kujikinga. Wewe ulizuie, halafu rusha ngumi ya haraka. Kwa karakta wengi ni ya fremu 10. Ikimpata ilhali ameshika kinga, pigo hilo lina adhabu, yaani ukilizuia unaweza kulilipiza, na watu wenu walikuwa hawajui tu. Kwa pigo la chini utakuwa umechutama, kwa hiyo tumia teke la kuinukia, ambalo kwa wengi ni fremu 11. Rudieni mara kumi. Ukimpata mara saba, zile tatu ni vidole vyako. Angalieni pia kama kombo inakatika katikati: mapigo mengi yanayoonekana kama mnyororo mmoja yana mwanya kabla ya pigo la mwisho, na anayekaa amejikunyata hadi mwisho ndiye anayesema hakuna njia.

Msipopata adhabu wala mwanya, bado kazi haijaisha. Pimeni bei ya kukosea. Tuseme unabahatisha juu au chini: ukikosea unapoteza damu 60, akikosea yeye anapoteza 20. Hata ukipatia nusu ya mara zote, kila bahati nasibu inakuacha nyuma yake kwa wastani wa 20. Karakta wengi wana mtego wa namna hiyo baada ya kukuangusha au kukubana ukutani, na hilo ni halali, maana wameutolea jasho. Anayeuanzisha akiwa amesimama tu mbele yako, bila kuhatarisha chochote, huyo ndiye amezidi. Mkimkuta Leroy hapo kwenye toleo jipya, mfungieni. Mimi sidhani mtamkuta.

SWALI: Kijana mmoja kwetu kashinda mechi 12 kati ya 20 na karakta yuleyule. Asilimia 60 si ushahidi tosha?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hapana. Rusha shilingi mara 20. Takriban mara moja katika kila majaribio manne utapata vichwa 12 au zaidi, na shilingi haina ujanja wowote. Akishinda 60 kati ya 100, hapo shilingi ingefika hivyo kama mara tatu tu katika 100, ndipo uanze kushuku. Mechi za karakta huyo dhidi yake mwenyewe zitoeni kwenye hesabu, kwani lazima mmoja ashinde na zinavuta matokeo kuelekea nusu kwa nusu. Kisha wabadilishane karakta, mechi kumi tena. Kijana akiendelea kushinda na karakta wa mwenzake, mtafungia nini, mikono yake?

SWALI: Mimi hucheza mapambano ya Pokémon mtandaoni kwa sheria za Smogon, jumuiya inayoamua Pokémon gani wafungiwe. Landorus-Therian nimemkuta kwenye timu chungu nzima na hafungiwi. Garchomp, mwenye udhaifu wa mara nne kwa barafu, aliwahi kufungiwa. Haki iko wapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kutumiwa sana hakumaanishi kuzidi. Landorus-Therian akiingia hushusha nguvu za mashambulizi ya kimwili ya mpinzani hadi theluthi mbili, anatandika, anatoka. Ni kama mchele: uko kila nyumba, lakini hakuna aliyeshindwa kuupika. Mpinzani bado ana majibu mengi.

Garchomp wa kizazi cha nne cha gemu za Pokémon alikuwa jambo jingine. Kasi yake ya msingi ni 102, hivyo kwenye daraja la 100 anafika 333, ilhali kundi kubwa la wenye 100 linaishia 328. Akitumia Swords Dance, hatua ya kujiongezea nguvu, mara moja tu, mashambulizi yake ya kimwili yanakuwa mara mbili. Barafu? Tunda la Yache alilobeba lilikata nusu ya pigo la kwanza. Na dhoruba ya mchanga ikivuma, uwezo wake wa Sand Veil ulishusha pigo la barafu la Ice Beam kutoka uhakika wa asilimia 100 hadi 80. Mtu anacheza sawasawa, anachagua jibu sahihi, na mara moja katika tano anakosa tu.

Kizazi cha tano Smogon wakafika mbali zaidi: baada ya kumfungia, waliufungia uwezo wa Sand Veil wenyewe, na Garchomp akarudi uwanjani akiwa na uwezo wake mwingine, Rough Skin.

SWALI: Yupo karakta aliyefungiwa bila ubishi mwingi?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Akuma wa gemu ya kupigana Super Street Fighter II Turbo, 1994. Anarusha moto akiwa hewani na haduwazwi hata umpige vipi, kwa hiyo mashindano mengi humkataa. Akuma wa Tekken 7 ni mwingine; huyo mwacheni acheze.