Jibu: Miezi minne tangu nivunjike paja, naweza kurudi kwenye baiskeli?

Mkuu, pole sana. Umeuliza kama miezi minne baada ya kuvunjika paja na kuwekewa chuma unaweza kuanza tena safari ya baiskeli ya Nala hadi Dodoma mjini. Paja huchukua kama miezi mitatu hadi sita kuunga, na kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari huchelewa zaidi, kwa hiyo kapige eksirei kwanza.

Daktari akikuruhusu, anza na baiskeli ya mazoezi, ile isiyotembea. Pandisha siti kidogo, maana goti lililokaa muda bila kukunjwa linagoma pedeli ikifika juu. Gia nyepesi, miguu izunguke bila kusukuma kwa nguvu. Msuli wa mbele ya paja utakuwa umesinyaa hata kama mfupa umeunga vizuri, na huo ndio watu wanaousahau. Wa fiziotherapia atakupa mazoezi yake, yafanye hata yakikuchosha.

Barabarani, vilima vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) viache kwanza. Tafuta tambarare, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka (ule wa Agosti unamrudisha nyuma hata mzima). Kwenda kazini panda daladala kwa sasa. Barabara ya Singida na malori yake si ya kujaribia mguu. Kuendesha utaweza, shida ni kuanguka tena.

Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au ukikosa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu, ni mguu upi? Huo unaoshusha chini ukisimama?