Kubadili mandhari si kubadili nadharia

SWALI: Nasoma uzamili wa fizikia. Nadharia ya uga wa nyuzi huandikwa juu ya mandhari fulani: anga-wakati na tando za D zilizomo, yaani nyuso ambako ncha za nyuzi wazi hushikilia. Nikitaka mandhari nyingine, nahitaji nadharia nyingine?

JIBU: Huhitaji. Swali hili naletewa kila muhula, na kinachowatisha wengi ni herufi moja tu, Q. Katika nadharia ya nyuzi wazi ya Witten ya 1986, mlinganyo ni QΨ + Ψ∗Ψ = 0: Ψ ni uga wa nyuzi, ∗ ni kuunganisha nyuzi mbili kuwa moja, na Q ni kitendaji (cha BRST) kinachoamua mitetemo ipi ya uzi ni halali. Q hiyo kweli imetoka kwenye mandhari uliyoanzia. Sasa chukua suluhisho lolote Ψ₀, uandike Ψ = Ψ₀ + φ. Mlinganyo wa φ unatoka na sura ileile, ila Q imemeza Ψ₀. Q hiyo mpya ndiyo inayoeleza mitetemo ya nyuzi kwenye mandhari mpya. Wewe unasema saa mbili asubuhi, simu inaandika 8:00. Hakuna saa sita zilizopotea, mmeanza kuhesabu pawili tofauti.

Na hili limepimwa. Mwanafizikia Ashoke Sen alitabiri mwaka 1999 kwamba takioni ya utando wa D, yaani mtetemo unaoonyesha utando si thabiti, ikiporomoka hadi bondeni mwa nishati yake, kina cha bonde kitalingana na mkazo wa utando wenyewe (nishati yake kwa kila kipande), maana utando umetoweka. Ukikokotoa kwa takioni peke yake unapata asilimia 68 ya kina hicho; Sen na mwenzake Zwiebach walipoongeza viwango, yaani mitetemo mingine ya uzi, wakakaribia 99. Schnabl akaandika suluhisho kamili mwaka 2005, na Q ya pale bondeni haibakizi mtetemo hata mmoja wa uzi wazi.

Kwa nyuzi zilizofungwa, zile za vitanzi zisizo na ncha, uthibitisho wa Sen na Zwiebach wa miaka ya 1990 unahusu mandhari zinazokaribiana. Wale wa video wanaohubiri kwamba mandhari 10 kwa kipeo cha 500 ni nadharia 10 kwa kipeo cha 500, waache na video zao.

Wanaonichosha zaidi ni wa njia ya mkato. Mtu anabadili Q kwa mkono, Ψ₀ hana, kisha anatangaza mandhari mpya. Mwingine anayo Ψ₀, kumbe ni mageuzi ya geji tu, yaani kubadili maandishi bila kubadili fizikia: mandhari ni ileile ya jana, imevaa kanzu nyingine. Rasimu za namna hiyo sizisomi hadi mwisho. Nauliza tu: nishati ya suluhisho lako ni kiasi gani?