Ampu ya gita kwa bendi ya harusi, bajeti ndogo

Mkuu, kwa bendi inayopiga harusi leo Dodoma mjini kesho Kibaigwa, mi nakushauri tafuta ampu ya Boss Katana 50, hata ya mtumba poa tu. Ni wati 50, spika inchi 12, ina sauti toka Acoustic (kama gita kavu), Clean (safi, haikwaruzi) mpaka Brown (inakwaruza sana, ya roki), so mkitoka kwenye dansi mkaingia gospo unazungusha kitufe tu. Kwa gita la ridhimu weka Clean, geini (kitufe cha kuongeza mkwaruzo) chini, trebo (sauti nyembamba) juu kidogo, linalia safi kabisa aisee! Ukumbi ukiwa mkubwa usikomae na volyumu, chomeka waya nyuma pale Rec Out (tundu la kutolea sauti) upeleke kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za bendi. Na kabla hujalipa igeuze uangalie volti, za Japani ni 100, za Marekani 120, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma ya kushusha volti unaiunguza.